Bia ya Jumamosi, barabara ya Jumapili



Mara nyingi tunaandika hapa juu ya vumbi, viatu vya kazi, maji ya kuchemsha na chandarua. Leo ninaandika juu ya bia. Msiogope, sikuja kumwambia mtu aache kunywa. Mimi mwenyewe nakunywa, na majirani zangu wa kambi wanajua. Nataka kueleza jambo moja tu: bia inachukua saa ngapi kutoka ndani ya mwili wa mtu. Nilifundishwa jambo hili shuleni, nikalijibu vizuri siku ya mtihani. Hata hivyo, Jumapili moja ya mwezi wa 7 nilikaa ndani ya motokari nikijua hesabu yote, na nilinyamaza.

Kabla sijaendelea: saa ninazoandika hapa ni saa za zamu, yaani kutoka saa 1 mpaka saa 24, kama zinavyoandikwa kwenye karatasi ya kazi. Saa 17 ni jioni, jua likiwa karibu kuzama.

Safari yetu

Tulikuwa watu watano, wote wa mtaa mmoja hapa Kolwezi. Tulisikia kwamba Lubumbashi kutakuwa na sikukuu ya bia, Jumamosi mchana mpaka usiku, na muziki, na michopo ya mbuzi. Kila mtu alitoa pesa yake ya mafuta. Motokari ilikuwa ya mkubwa wetu, tunayemwita Yaya, mtu wa miaka 48 anayeendesha lori kubwa la mawe katika mgodi. Katika miaka yake yote ya kazi hajagonga hata nguzo. Yeye mwenyewe alisema: «Mimi ndiye shofa, kwa hiyo mimi ni wa Fanta.» Tulicheka, tukakubali.

Tulitoka saa 5 ya asubuhi. Wanaojua barabara hii wanajua kwamba ni kilometa karibu 300: Kolwezi, daraja la Lualaba, Fungurume, Likasi, Lwisha, halafu Lubumbashi. Wanajua pia kwamba kilometa si kitu. Kitu ni lori. Zinashuka na mabamba ya shaba na magunia ya kobalti kwenda mpaka wa Kasumbalesa, zinapanda na asidi, kiberiti cha viwandani na mafuta. Lori moja likiharibika mlimani, shofa wake anakata matawi ya mti na kuyaweka barabarani, na hiyo ndiyo taa yake usiku kucha. Tulifika Lubumbashi karibu saa 11, tumechoka kidogo, tumejaa vumbi, na furaha nyingi.

Sikukuu yenyewe ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Hema zilipangwa kuzunguka uwanja, orkestra ilipiga rumba ya zamani, wazee walicheza kuliko vijana. Kulikuwa na Simba na Tembo, bia za Lubumbashi, na nyingine za mbali. Kulikuwa na samaki wa kuchoma, karanga, viwavi vya kukaanga. Saa 17 tulipata meza. Hapo ndipo safari ilianza kuharibika, nasi hatukuona.

Mtu asiyekunywa katika meza ya wanaokunywa hana raha. Mmoja anamuuliza kama amekuwa pasta. Mwingine anamuuliza kama anameza dawa ya ugonjwa wa aibu. Wa tatu, aliye rafiki wa kweli, anasema: «Yaya, moja tu. Kesho ni mbali.» Yaya alikunywa moja. Na neno hilo, «kesho ni mbali», likaendelea kuzunguka meza. Saa 1 ya usiku alipoweka glasi chini kwa mara ya mwisho alikuwa amekunywa chupa kubwa tano. Hakuanguka, hakutukana mtu, hakuimba. Alikwenda kulala kwa ndugu yake kwa miguu yake, akatembea sawasawa.

Mimi nilikunywa tatu. Nilihesabu zake na zangu, maana kazi yangu imenipa tabia ya kuhesabu: matone ya serumu, vidonge, mapigo ya moyo.

Ini na mashine ya kusaga

Sasa tuache meza, tuingie ndani ya tumbo.

Bia ikimezwa, alkoli yake haisubiri kupikwa kama bukari. Kidogo inapita katika ngozi ya ndani ya tumbo la chakula, nyingi inapita katika utumbo mwembamba, na inaingia katika damu. Damu inaipeleka kila mahali palipo na maji: moyoni, katika misuli, katika ubongo, na kwa mama mwenye mimba mpaka kwa mtoto. Ukiwa hujala, inafika upesi sana. Ukiwa umekula nyama na bukari, inafika polepole. Lakini sikilizeni vizuri: chakula kinaichelewesha, hakiiondoi. Anayesema «mimi nimekula vizuri, siwezi kulewa» amefungua mlango kidogo tu, lakini wageni wote wataingia.

Nani anaitoa? Kidogo kinatoka kwa pumzi, kwa mkojo na kwa jasho. Ndiyo sababu tunasikia harufu. Lakini zaidi ya sehemu tisa katika kumi, ni ini linalofanya kazi hiyo. Na ini lina tabia moja ambayo kila mfanyakazi anapaswa kuijua: lina mwendo mmoja tu.

Fikiri mashine ya kusaga mahindi ya mtaa wetu. Mama mmoja akifika na beseni yake, anasagiwa, anakwenda. Mama ishirini wakifika pamoja, mashine haiongezi mwendo kwa sababu mstari ni mrefu. Wa mwisho atasubiri mpaka jioni, hata akilalamika, hata akimpa mwenye mashine soda. Ini ni vile. Usiku linasaga, mchana linasaga, ukilala linasaga, ukiamka linasaga, kwa mwendo uleule.

Sasa hesabu. Twaa chupa kubwa ya sentilita 72, bia ya nguvu ya asilimia 5. Ndani yake mna karibu gramu 29 za alkoli. Kwa mwanaume wa kilo 70, chupa hiyo inapandisha alkoli katika damu kwa karibu gramu 0,6 kwa lita moja ya damu. Ini lake linashusha karibu gramu 0,15 kila saa. Kuna watu wanaoshusha 0,10 tu, kuna wanaofika 0,20, na hakuna anayejua lake kwa kujitazama katika kioo. Basi gawanya: 0,6 kwa 0,15. Unapata saa 4.

Chupa kubwa moja, saa nne. Andika ukutani kama unataka.

Na saa hizo zinafuatana kama mama katika mstari wa mashine. Chupa mbili ni saa 8. Tatu ni saa 12. Unaanza kuhesabu wakati ulipoanza kunywa, kwa sababu ini halingoji sherehe iishe. Kwa mama wa kilo 55 hesabu ni mbaya zaidi. Mwili wake ni mdogo na una maji machache kuliko wa mwanaume, kwa hiyo chupa ileile inapanda juu zaidi. Kwake hesabu saa karibu 6 kwa chupa. Kwa hiyo bibi na bwana wakigawana chupa sawasawa kwa mapendo, hawagawani ulevi sawasawa.

Rafiki yetu mmoja, fundi wa umeme anayependa kusoma magazeti, alitusimulia usiku ule habari za Munich, katika Ujerumani. Huko kuna sikukuu ya bia iliyoanza mwaka 1810 kwa arusi ya mwana wa mfalme, na mpaka leo inafanyika kila mwaka kwa siku 16 mpaka 18. Alisema: «Wale wanakunywa kwa glasi ya lita nzima, na hakuna anayekufa.» Lita nzima ni kweli. Na bia yao ya sikukuu ina nguvu karibu asilimia 6. Nilipofika nyumbani nilipiga hesabu: glasi moja ni karibu gramu 48 za alkoli, ini la mtu wa kilo 70 linataka karibu saa 7 kuimaliza. Mdachi na Mluba wana ini la namna moja. Tofauti ni kwamba pale Munich treni ya chini ya ardhi inasimama karibu kabisa na uwanja, na mtu anaweza kurudi nyumbani akiwa amelala kwenye kiti. Sisi tuna barabara ya Lwisha.

Kuna vinywaji ambavyo hesabu hii haiviwezi. Munkoyo wa siku ya kwanza karibu hauna alkoli, lakini ukikaa siku mbili tatu unachacha, na nguvu yake inategemea chungu na joto. Lutuku ndiyo mbaya kabisa: kila mpishi ana nguvu yake, na hakuna karatasi juu ya chupa. Aliyekunywa lutuku asifanye hesabu yoyote. Asiguse usukani siku ile wala kesho yake asubuhi.

Kijana nyuma ya hema

Nataka kusimama kidogo kwa jambo lililotokea karibu saa 23, kwa maana linaweza kuokoa mtu wa familia yako.

Waliniita nyuma ya hema. Kijana alikuwa amelala chali juu ya majani, koromeo linakoroma, matapishi karibu na shavu. Wenzake walikuwa wanasema: «Mwache, atalala, kesho atakuwa mzuri.» Mwezi wa 7 Lubumbashi usiku ni baridi, inashuka chini ya digrii 10. Mtu aliyelewa anajisikia moto, kwa sababu alkoli inafungua mishipa midogo ya ngozi na damu ya moto inakuja juu. Lakini moto huo ndio unaotoka nje ya mwili. Ngozi inasema joto, huku ndani moyo unapoa. Mlevi aliyelala nje katika kiangazi chetu anaweza kufa kwa baridi, hapa hapa Katanga.

Na aliyelala chali anaweza kuzamishwa na matapishi yake. Mgeuze ubavu, mkono mmoja chini ya shavu, goti la juu limekunjwa mbele asirudi chali, kichwa kimeinama kidogo nyuma ili hewa ipite na mdomo uelekee chini ili maji yatoke. Mfunike. Mtu mmoja abaki karibu naye, asiye mlevi. Usimpe kahawa, usimpe maziwa, usimtie chumvi mdomoni, usimmwagie maji. Mwite kwa jina, mfinye bega. Asipojibu, au akipumua polepole sana, au midomo ikigeuka rangi ya majivu, ni hospitali mara moja, pasipo kungoja. Kijana yule alijibu tulipomfinya mara ya tatu, akatutukana sisi wote. Nilifurahi sana kutukanwa.

Asubuhi ya Jumapili

Tuliamka saa 6. Mama wa nyumba, mke wa ndugu yake Yaya, alikuwa amekwisha kuchemsha maji. Yaya aliogea maji ya baridi kwa kusudi, akakunywa kahawa nyeusi vikombe viwili, akala mkate na mayai. Alivaa shati safi. Macho yake yalikuwa mazuri. Alisema: «Niko safi kama chupa tupu. Tutoke mapema, kesho niko zamu ya asubuhi.»

Nilikuwa ninafunga mfuko wangu. Kichwani mwangu hesabu ilijifanya yenyewe: chupa tano ni saa 20. Ameanza saa 17. Saa 20 zitaisha leo saa 13. Sasa ni saa 7. Kumebaki saa 6, ni kusema karibu gramu 0,9 katika damu yake. Nchi nyingi za Ulaya zinakataza kuendesha mtu akifika 0,5.

Niliijua namba hii kama ninavyojua jina langu. Lakini Yaya ni mkubwa wangu. Motokari ni yake. Ndiye aliyenisaidia nilipofika mgeni katika kambi. Na mbele ya shemeji yake, na mkate wake mdomoni mwangu, nitasema nini? Kwamba amelewa, yeye anayesimama wima na kunyoa ndevu bila kujikata? Nilisema tu: «Yaya, tusingoje kidogo?» Akajibu: «Tungoje nini?» Nami sikujibu. Mimi sina ruhusa ya kuendesha. Nilipanda nyuma.

Karibu na Lwisha, kama saa 8 na nusu, tulikuwa nyuma ya lori la mabamba ya shaba. Yaya alitoka kumpita. Mbele alikuja lori lingine. Shofa mwenye kichwa chepesi angerudi mara moja. Yaya alirudi pia, lakini alichelewa kidogo, labda nusu ya sekunde, halafu akarudi kwa nguvu kupita kiasi, na magurudumu mawili ya kuume yakatoka kwenye lami.

Kandokando ya barabara kulikuwa na baba mmoja anasukuma baiskeli ya makala. Mnawajua: magunia manne, mtu anasukuma toka porini mpaka mjini, haoni nyuma. Alisikia, akaiacha baiskeli, akaruka. Tulipiga baiskeli. Yeye aliangukia mkono.

Nusu ya sekunde ni nini? Kwa mwendo wa kilometa 80 kwa saa, motokari inakwenda metre 22 katika sekunde moja. Nusu ya sekunde ni metre 11, urefu wa nyumba. Alkoli kidogo katika ubongo haimwangushi mtu. Inamfanya aone lori kuwa mbali kuliko lilivyo, inachelewesha mguu na mkono, na jambo baya kuliko yote, inamwambia kwamba yuko sawa. Ubongo unaopaswa kupima ulevi ndio uliolewa. Kwa hiyo neno «ninajisikia vizuri» halina maana yoyote hapa. Yaya alijisikia vizuri kweli.

Tulisimama. Fundi wa umeme alikata matawi, akayaweka barabarani pande zote mbili. Watu wa kijiji walikuja wakikimbia, wengine wakiwa na hasira, na walikuwa na haki. Nilimketisha yule baba chini. Aliponyosha mkono niliona kifundo kimevunjika, umbo lake si la mkono tena. Nilimvua saa yake kabla mkono haujavimba. Nilikata karatoni ya sabuni, nikaikunja kama mfereji, nikaweka mkono ndani yake kama ulivyokuwa, bila kuunyosha wala kuuvuta. Nilikuwa nimemnunulia mke wangu kitenge Lubumbashi. Nikakikunja pembe tatu nikamfungia shingoni, mkono ukae kifuani. Nilitazama vidole: vina moto, vinacheza. Tukamkatalia maji na chakula mpaka hospitali, maana labda watamlaza usingizi ili kuurudisha mfupa.

Wakati huo wote Yaya alikuwa amesimama kando, anaokota makala mojamoja na kuyarudisha katika gunia lililopasuka. Hakuna aliyemwambia aache.

Tulisimamisha motokari ya mtu mwingine itupeleke Likasi pamoja na mgonjwa, tukajulisha polisi wa barabara. Motokari yetu ilibaki kijijini mpaka alasiri. Yule baba alifungwa plasta. Tulilipa hospitali, baiskeli na makala, na fedha ya wiki ambazo hakufanya kazi. Mfupa ulishikana vizuri. Mara ya kwanza tulipopita kumsalimu, mke wake alitutazama muda mrefu kabla ya kutoa kiti.

Ni Yaya mwenyewe aliyenituma kuandika habari hii. Alisema tu: «Jina langu usiweke, kwa ajili ya watoto.»

Maneno tunayodanganyana

Tangu siku hiyo ninawauliza wagonjwa wangu katika dispanseri wanafanya nini ili bia itoke upesi. Nimesikia mengi.

Kahawa: inafungua macho, haigusi ini. Unapata mlevi asiye na usingizi. Maji ya baridi kichwani: unapata mlevi aliyelowa. Kutapika: kunatoa ile iliyobaki tumboni, ile iliyokwisha kuingia katika damu inakaa. Kukimbia uwanjani ili kutoa jasho: jasho linatoa tone tu, na moyo unateseka bure. Supu ya pilipili, limao, chumvi, sukari, hapana. Kunywa chupa moja ya asubuhi ili «kutoa» ya jana: hapo umeleta mama mwingine mwenye beseni katika mstari wa mashine.

Maji ya kunywa ni mazuri, kwa sababu bia inakojolesha na kichwa kinauma kwa kiu. Kunyweni maji mengi. Lakini yanaponya kiu, hayafupishi saa.

Na kwa dawa, neno fupi. Anayetumia metronidazoli, ile Flagyl ya tumbo, asiguse bia mpaka siku tatu zipite baada ya kidonge cha mwisho. Inaweza kumtapisha na kumpiga moyo. Dawa za usingizi, za kifafa na nyingi za mafua na mwasho zinaongeza ulevi. Parasetamoli kwa kichwa cha asubuhi, vidonge viwili vinatosha. Kumeza vingi ni kulipiga ini lililochoka.

Jumatatu, zamu ya saa 6

Wengine watasema: «Mimi sina motokari, sendi Lubumbashi.» Basi tuhesabu bia ya hapa nyumbani. Jumapili unaanza saa 15 baada ya mpira, unamaliza saa 23, chupa sita. Ni saa 24. Zitaisha Jumatatu saa 15. Saa 6 ya asubuhi uko mlangoni mwa kazi na viatu vyako na kofia yako, na katika damu mna karibu gramu 1,35. Ni zaidi ya aliyokuwa nayo Yaya alipowasha motokari. Wewe unapanda juu ya lori la tani nyingi, au unafungua sanduku la umeme, au unasimama karibu na ukanda unaozunguka. Umelala saa sita, umeoga, umenyoa. Kapita wako haoni kitu. Mkeo ameona, maana alikusikia ukigonga meza, lakini yeye hayuko kazini.

Mama wa nyumba, hapa ninawaomba ninyi. Ninyi mnajua saa ya kwanza na saa ya mwisho. Msigombane naye usiku, haifai kitu. Asubuhi mwambieni namba tu: «Baba, zilikuwa sita.» Na mfanyakazi anayejua kwamba hesabu yake haijaisha, aje dispanseri au amwambie mkubwa wake kabla ya kupanda mashine. Ni aibu, ndiyo. Nimeona aibu nyingi zikipita kwa wiki moja. Mkono uliobaki katika ukanda haurudi.

Namna tulivyorudi Lubumbashi

Mwaka uliofuata tulikwenda tena, watu walewale. Tulibadilisha mambo machache.

Tulichukua mashofa wawili wenye ruhusa, na tangu Kolwezi tulijua nani hatakunywa hata tone. Tulimlipia chakula chake chote na soda zake zote, na aliyemtania alinunua michopo ya meza nzima. Mmoja alinunua, halafu matani yaliisha. Funguo za motokari zilikaa mfukoni mwa mke wa ndugu yake Yaya, si mezani. Tulianza saa 14, mchana, tukafunga saa 22. Mimi nilikunywa mbili, kwa furaha kamili.

Saa ya kutoka Jumapili tulijadiliana sana. Ukitoka mapema, bia iko katika damu ya anayeweza kumpokea shofa. Ukitoka alasiri, jua linakuwa mbele ya macho kuelekea Kolwezi, katika moshi wa majani yanayochomwa, na giza linakukuta njiani kati ya matawi na lori zisizo na taa. Tulichagua saa 11. Yaya, ambaye alikuwa shofa wa pili na alikunywa chupa mbili, alitoa kalamu, akahesabu juu ya mkono wake mbele yetu: saa 14 kuongeza 8, saa 22 ya jana. Hapo ndipo alipokubali kushika usukani baada ya Likasi. Wote tulifunga mikanda, hata wa nyuma.

Karibu na Lwisha tulisimama. Yule baba alikuwa nyumbani, anashona magunia. Alimtazama Yaya aliyekaa kiti cha abiria, akatazama shofa, akauliza: «Na huyu, alikunywa ngapi?» Shofa akamwonyesha chupa yake ya maji. Baba akatuuzia magunia mawili ya makala, kwa bei ya mjini.